Namna ya kutunga historia ya televisheni kwa ajili ya Bukavu ya mwaka 2210

Hadithi ya bunilizi ya kisayansi inayotokea Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo kando ya Ziwa Kivu, mwaka 2210 haiendi mbali kabla mtu hajaingia sebuleni na kukuta picha inacheza ukutani. Papo hapo msomaji wa Kadutu, mjini humo, ana maswali yake. Picha hiyo imetoka wapi? Nani anailipia? Umeme ukikatika inakuwaje? Na ile posti ya babu, yaani televisheni yake yenye mgongo mnene, ilipelekwa wapi? Mwandishi aliyekwisha kuyajibu hayo katika daftari hatalazimika kuyaeleza kwa urefu ndani ya hadithi, lakini kila sentensi yake itakaa mahali pake. Asiyeyajibu, sura ya tatu itagombana na sura ya saba.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza daftari hilo. Unahitaji daftari la kurasa mia hivi, penseli, rula, ramani ya Ziwa Kivu inayoonyesha miinuko, na kikokotoo cha simu. Tenga wiki mbili, saa moja kila jioni, na nusu ya muda huo uipe ramani na umeme.

Anza na ramani, miaka itafuata

Wengi hufungua na orodha ya wavumbuzi: John Logie Baird akionyesha picha iliyojengwa kwa mistari 30 London Januari 1926, Philo Farnsworth akirusha mstari mmoja mnyoofu San Francisco Septemba 1927, BBC ikianza matangazo ya kawaida Novemba 1936. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya dunia nzima. Kinachoitofautisha Bukavu na Kinshasa ni vilima na maji, kwa hiyo anzia hapo.

Mawimbi ya televisheni ya kawaida hutembea karibu kama mwanga. Kilima kikisimama katikati, nyuma yake kunabaki kivuli. Hata pasipo na kilima, dunia yenyewe ni mviringo na huyakinga mawimbi baada ya umbali fulani. Ili kujua mnara wako unafika wapi, chukua urefu wake kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare unafika kilomita 41 hivi. Wa mita 400 unafika 82. Urefu mara nne, umbali mara mbili tu: hesabu hii peke yake inazuia minara ya miujiza.

Sasa weka rula kati ya Bukavu na Goma. Ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ni maji. Ukigawa njia katikati, kila mji unapaswa kufika kilomita 50, na hesabu inadai mnara uliosimama mita 147 juu ya uso wa ziwa kila upande. Si vigumu, kwa kuwa miji yote miwili ina vilima vya kuanzia. Lakini angalia rula yako inapita wapi: juu ya Idjwi. Milima ya kisiwa hicho inapita kimo hicho kwa mbali sana, na picha ya Goma inagonga pale. Katika daftari andika hivi: mtambo wa kupokezana lazima uwe Idjwi, na anayeshika Idjwi anashika macho ya miji miwili. Hujatunga mhusika hata mmoja, na tayari una sababu ya ugomvi wa vizazi vitatu.

Ndani ya mji fanya vivyo hivyo. Bukavu imekaa juu ya rasi zinazoingia ziwani, na nyuma yake vilima vinapanda. Chora mnara mmoja, kisha tia wino kwenye kila mtaa ulio nyuma ya mgongo wa kilima. Mitaa hiyo ndiyo itakayokuwa na parabole (madishi ya setilaiti) nyingi, au waya zilizovutwa kutoka paa la jirani, au banda la sinema la kulipia. Kumbuka pia kwamba masafa ya chini hupinda kidogo kuzunguka kilima, na ya juu karibu hayapindi kabisa. Masafa ya megaherzi 200 yataingia bondeni hafifu. Ya megaherzi 600 yatakata kabisa.

Mhusika wako akitaka kutengeneza antena kwa waya wa alumini, mpe kipimo sahihi: gawa 150 kwa masafa ya megaherzi, punguza asilimia 5, upate urefu kwa mita. Kwa megaherzi 200 ni sentimita 71. Kwa megaherzi 600 ni sentimita 24. Waya hukatwa katikati, na kebo huungwa pale katikati, nusu moja kila upande. Fundi wa Panzi atakayesoma kwamba shujaa amekamata masafa ya juu kwa fimbo ya mita mbili ataifunga hadithi yako palepale.

Umeme huamua picha

Kwa nini Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika zilitumia picha 25 kwa sekunde na mistari 625, huku Marekani ikitumia picha 30 na mistari 525? Sababu iko kwenye soketi. Umeme wa Ulaya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na posti za mwanzo zisipokwenda sambamba na umeme wa nyumba zilionyesha pazia la giza linalopanda na kushuka kwenye kioo. Wahandisi wakachukua nusu ya 50 na nusu ya 60. Baadaye kila mtu alirithi namba hizo, hata pale sababu ilipokwisha.

Kwa ulimwengu wako, hii ni zana ya kwanza. Jiulize umeme wa makazi yako unatoka wapi, kisha acha namba moja ya zamani iendelee kuishi bila sababu inayojulikana. Bukavu ya leo inategemea Ruzizi, mto unaotoka ziwani, na upande wa Rwanda gesi ya methani ya Kivu tayari inazalisha umeme. Ukisema mwaka 2210 jiji lote linawaka kwa methani, eleza mambo mawili. La kwanza, gesi hiyo imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu. Huvutwa kwa bomba. Maji yakipanda shinikizo hupungua, na gesi hujitenga kama povu la soda. La pili, pamoja nayo kuna kaboni dayoksidi nyingi zaidi, na hiyo lazima itenganishwe na kurudishwa chini kwa uangalifu. Mtambo ukisimama, jiji linaingia delestaje, yaani mgao wa umeme, na televisheni ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Kwa ngazi ya nyumba, fanya hesabu ndogo. Posti ya kioo bapa ya inchi 32 hula wati 40 hivi. Saa nne za jioni ni wati-saa 160. Pano (paneli ya jua) ya wati 100 katika siku ya jua zuri, ukitoa hasara za njiani, huacha kama wati-saa 350. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema. Kwa hiyo familia yenye pano moja na betri moja inatazama habari na mpira, inawasha taa mbili, inachaji simu za majirani wawili. Siku tatu za mawingu mfululizo, kitu cha kwanza kunyamaza ni mpira. Tukio kama hilo linaeleza uchumi wa nyumba kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Nani analipa

Kila zama katika daftari lako iwe na mlipaji mkuu mmoja: serikali, ada ya kila nyumba, matangazo ya biashara, kanisa, au mtazamaji mwenyewe kwa dekoda. Mlipaji akibadilika, badilisha vipindi, lugha ya watangazaji na saa ya habari.

Mifano ya kweli ipo karibu. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966, ikilipwa na serikali, na katika miaka ya Mobutu taarifa ya habari ilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Mlipaji alikuwa kwenye kioo kabla ya habari yoyote. Kisha tazama pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974: lilianza saa kumi alfajiri. Watu walikesha uwanjani kwa sababu kule Marekani, kwa waliokuwa wakilipa kuliona, usiku ulikuwa bado mchanga. Tumia kanuni hiyo. Kama mlipaji wa televisheni yako yuko kwenye Mwezi au Mirihi, acha watu wa Ibanda waamke usiku wa manane kucheza mechi yao wenyewe. Hakuna haja ya kumwita mtu yeyote mkoloni. Saa ya mechi imeshasema.

Mwanga una mwendo wake

Hapa ndipo hadithi nyingi huvunjika, kwa hiyo tulia. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 angani. Picha ikipanda na kushuka hutumia karibu robo ya sekunde. Mtangazaji wa Bukavu akimuuliza mwenzake swali kupitia setilaiti hiyo, jibu linarudi baada ya nusu sekunde, na watu wawili wenye haraka wataanza kuongea kwa pamoja. Mwezi ni sekunde 1.3 kwenda. Mirihi ni kati ya dakika 3 na dakika 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi katika mizunguko yao. Mshtarii ni dakika 33 hadi 53 hivi. Nyota iliyo jirani zaidi na jua letu ni miaka 4 na robo.

Kutokana na hayo, mahojiano ya moja kwa moja na Mirihi hayawezekani. Kinachowezekana ni barua za picha: huyu anaongea dakika tano mfululizo, yule anasikiliza baadaye na kujibu. Mpira wa Mirihi unaweza kutazamwa Bukavu bila shida, ila bao utakaloshangilia limekwisha kufungwa dakika kumi zilizopita. Mwenye kuchezesha kamari ya mechi lazima afunge dirisha kabla mpira haujaanza kule. Akichelewa, mtu mwenye njia ya siri atamfilisi. Kama ulimwengu wako una mawasiliano yanayoshinda mwanga, ni haki yako, lakini andika nani anayo, bei yake kwa dakika, na kwa nini hayabebi televisheni ya kila nyumba. Usipoandika, msomaji atauliza kwa nini jeshi la adui halikuonekana mapema.

Tazama pia ukubwa wa njia. Kamera ya kutua Mwezini Julai 1969 ilituma picha 10 kwa sekunde, mistari 320, kwa kuwa njia ya redio iliyobaki ilikuwa nyembamba. Duniani picha ile ililazimika kugeuzwa kuwa ya kawaida kwa kuielekezea kamera nyingine kwenye kioo. Ndiyo maana ilionekana kama mizuka. Makazi maskini ya mbali katika hadithi yako yatatuma picha za namna hiyo, yenye fedha yatatuma safi, na mtazamaji atatambua utajiri wa mahali kabla mtu hajafungua mdomo.

Na wageni wa nyota nyingine wanaotazama vipindi vyetu? Matangazo ya mwaka 1936, kufikia 2210, yatakuwa yamesafiri miaka-nuru 274. Ni kweli yanafika. Lakini umbali ukizidi mara mbili nguvu hupungua mara nne, na kwa umbali huo hubaki mnong'ono chini ya kelele za anga. Wageni wako wawe na antena ya ukubwa wa kutisha, na uiandike.

Kilichofutwa

Ukurasa huu wa daftari ndio wenye utajiri kuliko yote. Mashine ya kwanza ya kurekodi televisheni iliyotumika kibiashara, ya Ampex, ilitoka mwaka 1956. Kanda yake ilikuwa na upana wa inchi 2 na ilikwenda sentimita 38 kwa sekunde, maana yake saa moja ya kipindi ilikula mita 1,370 za kanda. Ilikuwa ghali, na vituo vingi vikafuta vya jana ili kurekodi vya kesho. Hata kanda za awali za picha za Mwezini za 1969 zinaaminika kufutwa na kutumika tena. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu wa stoo alihitaji kanda.

Kwa hiyo usiandike kwamba mwaka 2210 kila kitu kimehifadhiwa. Chagua mambo matatu: kipindi kimoja kilichofutwa kwa ubahili, kimoja kilichooza, kimoja kilichobaki kwa bahati. Kuoza kwa kanda kuna utaratibu wake. Kwenye unyevu, gundi inayoshikilia unga wa sumaku hunyonya maji na kunata. Kanda hukwama kwenye kichwa cha mashine na unga hubanduka. Hewa ya kando ya ziwa huiharakisha kazi hiyo. Huko Goma una lava: Nyiragongo ilishuka mjini Januari 2002 na ikamwagika tena Mei 2021, na mhifadhi yeyote wa kubuni atajenga stoo yake akiwa na hayo kichwani.

Runinga haifi siku moja

Katika Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, kipindi cha "The Neutral Zone" cha mwaka 1988, mtu wa karne ya 20 anaamshwa kutoka kwenye barafu mwaka 2364 na kuulizia televisheni. Data, mhusika ambaye ni roboti wa umbo la mtu, anamjibu kwamba burudani hiyo haikudumu sana baada ya mwaka 2040. Sentensi moja, na inafanya kazi kwa sababu mtu ameihitaji pale alipo. Lakini kwa anayetunga historia kamili, ni mlango tu: kwa nini 2040, nani aliacha kwanza, nani alikataa kuacha? Tarehe iliyokuwa mbali mwaka 1988 sasa imesogea hadi mlangoni. Ukitaja mwaka wa kifo, uweke mbali ya kutosha, au useme "baada ya vita vya maji" na uache namba.

Teknolojia za picha hupishana kwa muda mrefu. Uingereza ilianza mistari 625 mwaka 1964, na mistari 405 ya mwaka 1936 ikazimwa 1985. Miaka 21 nchi moja ilibeba mifumo miwili. Tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kimataifa kuwa mwisho wa kulinda matangazo ya analojia dhidi ya kuingiliwa katika ukanda wetu, na nchi nyingi za Afrika ziliivuka zikiwa bado nayo. Katika mstari wako wa miaka, acha kizazi kizima cha kupishana, na uandike posti za mfumo uliokufa zinakwenda wapi: sokoni, kwa fundi wa vipuri, kijijini ambako mtambo wa zamani bado unawaka.

Maneno nayo hudumu kuliko vyombo. Bukavu mtu husema televizyo, posti, parabole, gurupu (jenereta). Bunia neno moja jipya tu la mwaka 2210, na uache maneno mawili ya leo yaendelee kutumika kwa vitu ambavyo havifanani tena na vya leo. Kikapu kizima cha maneno mapya kinamchosha msomaji kabla ya sura ya pili.

Posti zee likirudi kwenye hadithi

Lipe dalili zake halisi. Posti la kioo kilichovimba hulia filimbi nyembamba ya herzi 15,625, ambayo ni mistari 625 mara picha 25. Watoto huisikia, wazee wengi hawaisikii tena. Mtoto anaweza kujua posti limewashwa akiwa chumba kingine. Ukilizima, nukta ya mwanga inaweza kubaki katikati kwa muda mfupi. Mkono ukikaribia kioo, vinywele husimama. Ndani, posti la rangi hubeba volti elfu 20 na zaidi, na chaji inaweza kubaki baada ya waya kung'olewa; fundi mzembe hutupwa ukutani. Sumaku ikikaribia, rangi hupotoka.

Chenga ni za analojia peke yake. Picha ya dijitali ikidhoofika hukatika vipande vya mraba, hukwama, kisha giza. Haina hali ya kati ya kuvumilia. Na mvua kubwa huharibu masafa ya juu ya gigaherzi 10, kama ya parabole na ya mitambo ya kupokezana, lakini haigusi sana antena ya kawaida ya juu ya paa. Ukiyajua hayo, mazungumzo mafupi yanatosha:

"Yaya, mbona picha imekwama?"

"Mvua imeshuka Idjwi. Ngoja ipite."

"Kwa babu kulikuwa na chenga, lakini mpira ulionekana."

"Kwa babu mnara ulikuwa hapahapa. Kaa chini, utaangusha betri."

Ndani ya mistari hiyo minne kuna mtambo wa Idjwi, mfumo wa dijitali, zama iliyopita na umeme wa nyumbani, na hakuna aliyefundisha mtu.

Jaribio la daftari ni hili. Andika ukurasa mmoja ambao televizyo inaharibika katika nyumba ya Muhumba katikati ya habari, na mtu analazimika kuitengeneza au kumwita fundi. Kisha zungushia penseli kila kitu kinachotegemea historia yako: masafa, mlipaji, saa ya habari, umri wa chombo, kipuri kilichotumika na bei yake. Kwa kila duara tafuta ukurasa wa daftari unaolijibu, uandike namba yake pembeni. Duara lisilo na namba, rudi nalo kwenye ramani.